Behewa Ndilo Linalopanga Safari

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Dada zangu mliopika, asanteni kwa vitumbua; nimekula vya kutosha na nitajitahidi nisisinzie kabla yenu.

Nimeombwa nizungumzie treni za jiji hili la New York, na sababu ya kuombwa naijua. Kila tunapokutana hapa, nusu ya mazungumzo ni lawama za sabwei, yaani hizi treni za chini ya ardhi. Treni ya A imepita njia ya F. Treni ya E haikusimama. Mtu katoka zamu ya usiku Bronx, kafika kwake Brooklyn jua limeshapanda. Tunailaumu ofisi, tunamlaumu dereva, tunamlaumu na kondakta masikini ambaye naye anataka kwenda kwake. Mimi si mfanyakazi wa reli, na sina siri ya mtu ninayoitoa leo. Ni abiria mwenye ugonjwa wa kutazama mabehewa, na ugonjwa wenyewe umekuwa sugu.

Nina hoja moja. Treni ikibadilishwa njia, sisi hukimbilia kutazama ramani. Ramani inaonyesha kilichoamuliwa, haionyeshi kwa nini. Anayetaka sababu atazame behewa: urefu wake, upana wake, umri wake na mitambo iliyofungwa ndani yake. Mara nyingi hivyo ndivyo vinavyosema nani apite wapi na nani asubiri, na ofisi yenyewe hufuata nyuma.

Kwetu Dar es Salaam, daladala ikihamishwa kutoka njia moja kwenda nyingine, kinachobadilika ni maandishi na rangi ya mstari ubavuni. Kesho asubuhi iko kazini. Sabwei haiko hivyo, na tutaanza na sababu kubwa kuliko zote, ambayo ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Sabwei ya New York ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, ikitoka City Hall hadi mtaa wa 145. Kampuni iliyoiendesha, IRT, ilichimba mahandaki membamba. Baadaye ikaja kampuni nyingine ya Brooklyn, iliyojulikana mwishoni kama BMT, ikajenga ya kwake mapana zaidi. Mwaka 1932 jiji lenyewe likaingia kwenye biashara na njia zake, IND, nazo pana. Mwaka 1940 jiji likazinunua zile kampuni mbili, na tangu hapo sisi tunaiona sabwei kama kitu kimoja. Kwenye karatasi ni kimoja. Chini ya ardhi ni miili miwili mpaka leo.

Treni zenye namba, yaani 1 hadi 7, ni warithi wa IRT. Behewa lake lina urefu wa futi 51 na upana unaokaribia futi 9. Treni zenye herufi ni warithi wa BMT na IND, na behewa lake lina upana wa futi 10. Futi moja na kidogo ni kitu gani? Behewa la treni ya A likiingia kwenye handaki la treni ya 6 litakwaruza ukuta. Behewa la treni ya 6 likipelekwa kwenye njia ya A litapita bila shida, ila kati ya mlango na jukwaa litaacha pengo ambalo mtoto anaweza kutumbukia. Kwa hiyo mtu anaposema, “Mbona njia ya A ina mabehewa mengi, wasitugawie sisi wa treni ya 6?” jibu ni hilo. Hayagawiki. Mabehewa ya namba hubaki kwenye namba, ya herufi kwenye herufi, na upungufu wa upande mmoja hautibiwi na wingi wa upande wa pili.

Na si hivyo tu. Ndani ya herufi zenyewe mna mgawanyiko mwingine, na huu ndio unaowapata wengi wenu wa Bushwick na Ridgewood bila kujua.

Majukwaa mengi ya herufi yana urefu wa kama futi 600. Hapo unaweza kuweka mabehewa kumi ya futi 60, au manane ya futi 75. Lakini zile njia za mashariki ya Brooklyn, yaani J, Z, L na M, majukwaa yake ni ya futi 480, na kona zake ni kali kiasi kwamba behewa la futi 75 halipiti salama. Huko yanaingia mabehewa manane ya futi 60 basi.

Mwishoni mwa Juni 2010, jiji likiwa na upungufu mkubwa wa fedha za usafiri, treni ya V ikafutwa pamoja na W. Treni ya M, iliyokuwa ikienda kusini ya Brooklyn wakati wa msongamano, ikageuzwa ikapandishwa barabara ya Sixth Avenue hadi Forest Hills kule Queens ili ichukue nafasi ya V. Ilipita kwenye kiungo cha mtaa wa Chrystie, handaki fupi ambalo treni za abiria zilikuwa hazijalitumia kwa zaidi ya miaka 30. Kwa mtu wa Ridgewood ilikuwa heri tupu: kwa mara ya kwanza akawa na treni ya moja kwa moja mpaka katikati ya Manhattan. Binafsi naona ni mabadiliko bora kuliko yote yaliyowahi kuzaliwa na ukata.

Ila mtu wa Queens aliyezoea V, iliyojaza jukwaa zima, alianza kuletewa treni fupi kwa futi 120. Simameni siku moja kwenye jukwaa la Queens Boulevard saa mbili asubuhi mkatazame. Anayepanda huko kila siku anasimama katikati, ametulia. Mgeni amesimama mwisho kabisa, amejipatia nafasi yake nzuri isiyo na watu, anajiona mjanja. Treni inaingia, inampita nusu, inasimama mbali naye kama mabehewa mawili. Hapo ndipo zinaanza mbio: kikombe cha kahawa mkononi, begi linayumba, kondakta dirishani kule katikati anamwona, na Mungu akijaalia anamsubiri. Yule mtu hakukosea. Kinachomkimbiza ni kona kali za Brooklyn zilizojengwa kabla babu yake hajazaliwa.

Treni ya G nayo ni hadithi ya namna hiyo. Desemba 2001, V ilipoanzishwa, G ikakatwa isifike tena Forest Hills siku za kazi, ikaishia Court Square, na treni zenyewe zikafupishwa zikawa na mabehewa manne ya futi 75 kwenye majukwaa yenye nafasi ya mara mbili. Waliokaa Greenpoint na Williamsburg wanazijua hizo mbio kuliko mimi.

Sasa kuhusu majina. Kila aina ya behewa hapa ina herufi R na namba, na namba ni ya mkataba wa ununuzi. R32, R46, R62, R160, R211. Hayana mvuto, lakini ukiyajua unajua umri wa unachopanda.

R32 ndilo nililolipenda. Yalijengwa na kampuni ya Budd ya Philadelphia mwaka 1964 na 1965, mabehewa 600 ya chuma kisichoshika kutu, yenye ubavu wa mikunjo unaong'aa. Yalitegemewa kudumu miaka 35 au 40. Safari ya mwisho ya mabehewa hayo ilikuwa tarehe 9 Januari 2022. Hesabuni wenyewe. Katika miaka yao ya mwisho mengi yalikuwa kwenye treni ya C, na wakazi wa Harlem na Bedford-Stuyvesant waliyalalamikia sana, kwa haki: viyoyozi vilikuwa vimechoka. Njia ya C iko chini ya ardhi mwanzo hadi mwisho, na joto la handaki mwezi wa Julai linaua mashine pamoja na watu.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 2010 wapangaji wakafanya jambo la akili. Msimu wa joto ulipofika, waliyatoa R32 kwenye C wakayapeleka kwenye J, ambayo sehemu kubwa hupita juu, kwenye hewa, na mapya ya J wakayaleta C. Ukitazama ramani, hakuna kilichobadilika hata nukta moja. Hakuna tangazo la njia mpya. Lakini kwa mama mwenye mimba anayekwenda kazini asubuhi, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa ya huduma kuliko kufutwa kwa herufi yoyote. Ndiyo maana nasema tutazame behewa.

Ndugu zangu, kuna wakati hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba haya tunayoyalalamikia sasa ni anasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 behewa la New York lilikwenda kwa wastani maili kama 7,000 ndipo liharibike. Leo wastani unazidi maili 100,000. Katikati ya pale na hapa kuna nini? Kuna fedha, kwanza. Richard Ravitch, aliyekuwa mwenyekiti wa MTA, mamlaka inayosimamia usafiri hapa, alipigania mpango wa kwanza mkubwa wa mtaji, yaani fedha za ujenzi na ununuzi, mwaka 1982. Kuna ununuzi: jiji likaagiza R62 kutoka Kawasaki ya Japani, mabehewa 325, likiwa ndilo agizo la kwanza la mabehewa ya sabwei kutoka nje ya Marekani. Na kuna mtu anaitwa David Gunn, aliyeongoza mamlaka ya treni tangu 1984 hadi 1990.

Gunn alikuta mabehewa yamechorwa rangi ndani na nje, mpaka madirisha. Wengi wanadhani aliwakimbiza wachoraji kwa polisi. Kanuni iliyofanya kazi ilikuwa ya karakana: treni ikishasafishwa na kuingizwa kwenye mpango, haitoki tena ikiwa na rangi. Ikichorwa, inatolewa njiani, inasafishwa, ndipo irudi, hata kama ni saa ya msongamano na abiria wanasubiri. Walikwenda njia moja baada ya nyingine, na tarehe 12 Mei 1989 behewa la mwisho lenye michoro likaondolewa. Pamoja na hilo alirudisha matengenezo ya ratiba: kifaa kinabadilishwa kabla hakijafa. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo lililotuokoa. La rangi ndilo lililopigwa picha.

Kwenye zama hizo kuna mabehewa yaliyokuja mapya yakiwa tayari na ugonjwa. R46, mabehewa 754 ya futi 75 yaliyoletwa kati ya 1975 na 1978, yalianza kuonyesha nyufa kwenye fremu zinazobeba magurudumu, na kesi zikaenda mahakamani. Mwishowe yalibadilishiwa fremu, yakafanyiwa ukarabati mkubwa, na yamedumu karibu nusu karne. R44, ndugu yake mkubwa, yalikaguliwa yakakutwa na kutu kwenye mifupa, na kwenye sabwei yakastaafishwa mwaka 2010, kabla ya R32 yaliyoyatangulia kwa miaka saba au minane. Chuma nacho kina riziki yake.

Mabehewa yanayostaafu huenda wapi? Hapa niruhusuni nitoke kidogo nje ya njia. Kuanzia 2001 mabehewa ya zamani mekundu, yaliyojulikana kama Redbird, yalivuliwa milango, madirisha na magurudumu, yakapakiwa kwenye tishari na kutupwa baharini pwani ya Delaware ili yawe makazi ya samaki. Majimbo mengine yakayaomba. Zaidi ya mabehewa 2,000 yamelala chini ya Atlantiki. Mtu wa Lamu au Pemba anajua samaki wanavyopenda kitu kilichozama, kwa hiyo hatashangaa kusikia kwamba wavuvi wa Delaware walishukuru.

Turudi kwenye reli. Kitu ambacho abiria hakioni ni akiba. Reli haiwezi kutoa mabehewa yote asubuhi; lazima yabaki mengine karakanani kwa ukaguzi, magurudumu, milango. Akiba ikiwa nene, behewa moja likiugua hakuna anayejua. Ikiwa nyembamba, safari zinafutwa.

R179 yalitufundisha hilo. Ni mabehewa 318 ya Bombardier, yaliyochelewa kwa miaka. Januari 2020 yaliyokuwa kazini yote yakaondolewa kwa mkupuo mmoja kwa sababu ya tatizo la kufuli za milango. Yakarudi. Juni mwaka huohuo treni moja ya A yenye mabehewa hayo ikaachana katikati ikiwa safarini, na kundi zima likatolewa tena. Ni nani walioitwa kuziba pengo? R32, wale wazee wa 1964, waliokuwa wameshaambiwa kwaheri miezi michache kabla. Wakarudi Julai. Walikuwa bado hawajapelekwa chuma chakavu wote, na ni bahati yetu. Sasa mnaelewa kwa nini ofisi husita kutupa behewa bovu ingawa kila mtu analitukana: linaweza kuwa ndilo litakalokupeleka kazini mwakani.

Sasa nifike kwenye lile linalowaumiza watu wa Bronx, maana nimeona wamekaa mbele na wamenikazia macho.

Mnakumbuka treni ya 6 ilikuwa na mabehewa mapya, R142A, yenye sauti inayotangaza vituo na taa zinazoonyesha kituo kinachofuata. Kisha, kuanzia mwaka 2013 hivi, yakaanza kutoweka kidogokidogo, na mahali pake yakaja yaliyokuwa yanatumika kwenye treni ya 7, R62A, ya katikati ya miaka ya 1980. Watu wa Bronx waliona wanavuliwa shati jipya na kuvishwa la mtu wa Queens. Wengine walisema wazi: kwa kuwa sisi ni maskini.

Hesabu ni hii. Njia ya 7 ilikuwa inawekewa mfumo mpya wa ishara, unaojulikana kama CBTC, ambapo treni inawasiliana kwa redio na kompyuta na kujua aliye mbele yake yuko wapi hasa. Mfumo wa zamani umeigawa njia vipande. Treni ikiwa ndani ya kipande, ya nyuma inazuiwa isiingie, hata kama nafasi ipo. CBTC unaziruhusu treni kufuatana kwa karibu. Lakini unadai kila treni ya njia hiyo iwe na mitambo yake. R62A yamezeeka mno kufungwa mitambo hiyo kwa gharama ya maana. R142A yanafaa. Basi mabehewa 380 ya R142A yakatolewa, yakafungwa mitambo, yakaongezewa 126 mapya, na yote yakaitwa R188 na kwenda treni ya 7. Na kwa sababu ya ule upana niliousema mwanzo, hakukuwa na mahali pengine pa kuyachukua isipokuwa kwenye treni za namba.

Kwa hiyo kiufundi uamuzi ulikuwa sahihi, na mimi ningeufanya vilevile. Lakini kuwa sahihi hakutoshi. Mtu wa Hunts Point alistahili kuambiwa, kwenye kituo chake na kwa lugha anayoielewa, kwamba behewa lake linachukuliwa, kwa sababu gani, na yeye atapata nini na lini. Huo ndio ugomvi wangu mkubwa na mambo ya mabehewa: njia ikibadilishwa kuna vikao na mabango, behewa likihamishwa kuna kimya, kana kwamba abiria hana macho.

Jambo hilohilo lilifika Queens Boulevard. CBTC ulipowekwa kule, treni za E na F zikahitaji mabehewa yenye mitambo, na ya zamani ya futi 75 yakasogezwa njia nyingine. Kila mtambo mpya ukiwekwa, kuna mzunguko wa mabehewa nyuma yake, na mwisho wa mzunguko kuna mtaa unaopokea yaliyobaki.

Mtauliza: mbona kazi za ishara na reli zinafanywa wikiendi na usiku, wakati sisi ndio tuko njiani? Kwa sababu sabwei hii haifungwi. Paris wanafunga usiku. London wanafunga, ukiacha njia chache usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Mafundi wao wana saa kadhaa kila usiku reli zikiwa zao peke yao. Hapa treni hukimbia saa 24, na ilifungwa usiku kwa mpango mara moja tu kwa muda mrefu, kuanzia 6 Mei 2020 hadi 17 Mei 2021, wakati wa korona. Anayetaka kubadilisha reli lazima aikate njia wakati fulani, na wakati wenye abiria wachache ni ule ambao mlinzi, mpishi na msaidizi wa wagonjwa wanatoka kazini. Yaani ninyi. Sisemi hivyo ili mridhike. Nasema ili mjue kwamba mnalipia, kwa usingizi wenu, raha ya mtu anayefika ofisini saa tatu.

Hata hivyo wamejifunza namna nyingine. Dhoruba ya Sandy ya Oktoba 2012 ilijaza maji ya chumvi kwenye handaki la treni ya L chini ya mto. Mpango ulikuwa kulifunga kwa miezi 15 kuanzia Aprili 2019. Watu walihama nyumba kwa hofu. Miezi michache kabla, mpango ukabadilishwa, kazi ikafanywa usiku na wikiendi njia moja moja, ikamalizika Aprili 2020. Treni ya G, majira ya joto ya 2024, ilifungwa vipande vipande kwa wiki kadhaa mfululizo ili ishara mpya ziwekwe. Maumivu ya mkupuo mmoja, au ya miaka mingi kidogokidogo? Mimi nachagua mkupuo, mradi mabasi ya badala yawepo ya kutosha.

Waliokaa hapa tangu zamani wanalikumbuka daraja la Manhattan. Reli zake ziko pembeni, pande zote mbili za daraja, kwa hiyo kila treni ilipopita daraja lilijipinda, na miaka kwa miaka chuma kikachoka. Ukarabati ulifunga upande mmoja au mwingine tangu 1986 hadi Februari 2004. Miaka 18 B, D, N na Q zikihamahama kama wapangaji. Kuna watoto walizaliwa na kufikia umri wa kupiga kura bila kujua Q ya kweli inapita wapi.

Mabadiliko ya karibuni mnayo bado vichwani: Desemba 2025, F na M zimebadilishana njia ya chini ya mto siku za kazi. F inapita mtaa wa 53, M inapita mtaa wa 63 na Roosevelt Island. Sababu ni makutano. Treni mbili zinapogombea reli moja, moja husubiri, na inayosubiri huzuia ya nyuma yake, na ya nyuma huzuia nyingine mpaka Jamaica. Kuzitenganisha kumepunguza kusubiriana. Lakini mkaazi wa Roosevelt Island, aliyezoea F ndefu, sasa mchana anapata M, na mnajua tayari M ina futi ngapi. Tena ile futi 480! Mzimu wa Brooklyn umefika mpaka kisiwani.

Kwa upande wa neema, R211 yameingia. Ya kwanza yalibeba abiria kwenye treni ya A tarehe 10 Machi 2023. Ni ya futi 60, na mlango wake una upana wa inchi 58 badala ya 50 za wenzake. Inchi 8 zinasikika kama mzaha mpaka usimame Fulton Street jioni. Kuna hesabu nyingine tamu: treni ya mabehewa manane ya futi 75 ina milango 32 upande mmoja, ya mabehewa kumi ya futi 60 ina 40. Urefu uleule, milango minane zaidi. Ile ndoto ya miaka ya 1970 ya mabehewa marefu iliokoa vipuri ikapoteza muda vituoni, na jiji halikununua tena ya futi 75 baada ya familia ya R68. Februari 2024 yakaja machache yaliyo wazi kutoka behewa moja hadi jingine, unaweza kutembea bila kufungua mlango. Wengine wanaogopa kwamba mwenye fujo naye atatembea. Ni kweli, lakini na wewe utamkimbia.

Vituoni, tazameni kondakta treni inaposimama. Atafungua dirisha na kunyoosha kidole juu, kwenye ubao wenye mistari myeusi na myeupe unaoning'inia katikati ya jukwaa. Anahakikisha treni imesimama mahali pake kabla hajafungua milango, maana milango ikifunguliwa ndani ya handaki ni msiba. Ni sheria tangu miaka ya 1990. Wengine hunyoosha kwa heshima kama mwalimu wa madrasa, wengine hutikisa kidole kimoja tu bila kutoa mkono. Wapeni salamu, hufurahi.

Nimalizie na jambo la mbele yetu. Mpango wa mtaji wa 2025 hadi 2029 una mabehewa mapya ya sabwei takriban 1,500, ya kuchukua nafasi ya R62, R62A na R68. Watu wa treni ya 6, hapo ndipo zamu yenu, lakini msinunue pipi bado. Kati ya mkataba na abiria kupanda hupita miaka. Na kuna njia mpya inayopangwa, Interborough Express, kutoka Bay Ridge hadi Jackson Heights, maili 14 bila kuingia Manhattan. Wengi wetu tunaishi na kufanya kazi kwenye mstari huohuo, na leo tunauzunguka kwa basi mbili au kwa treni inayotupeleka Manhattan na kuturudisha. Naiunga mkono. Ila mwaka 2023 iliamuliwa iwe treni nyepesi, maana yake mwili wa tatu: mabehewa yasiyoweza kuazimwa kutoka kwenye namba wala herufi, yenye karakana yake, vipuri vyake na akiba yake.

Mikutano ya bodi ya MTA iko wazi, kila msemaji hupewa dakika mbili, na wengi huzitumia kulia kuhusu ramani. Atakayekwenda kwa niaba yetu asiulize vituo vitakuwa wapi, hayo yameshachorwa. Aulize njia hiyo itaanza na mabehewa mangapi, mangapi yatakuwa ya akiba, na karakana itajengwa mtaa gani. Mwenyekiti ananionyesha saa. Nani ana swali?